Vita vya eth0: jinsi Linux ilivyojifunza kuzipa kadi za mtandao majina

Stima ikikatika Matasia, pande za Ngong nchini Kenya, kisha ikarudi, kompyuta inayogawa intaneti katika jengo huwaka yenyewe bila mtu kuigusa. Mara nyingine ni mashine ya kawaida yenye Linux na kadi mbili za mtandao: moja imeelekea kwa kampuni inayouza laini, nyingine kwa wapangaji. Fundi ameandika kanuni za ulinzi kwa majina, eth0 nje na eth1 ndani. Kwa miaka mingi majina hayo yaliweza kubadilishana mashine ilipowaka, na ulinzi wa upande wa nje ukahamia ndani.

Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991, kompyuta ya nyumbani yenye kadi mbili ilikuwa nadra. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikazoea kuzipa kadi majina kwa kufuata iliyotambuliwa kwanza. Utaratibu huo ulitosha maadamu vifaa vilikaguliwa kimoja baada ya kingine. Vilipoanza kukaguliwa kwa pamoja ili mashine iwake haraka, hakuna aliyeweza kusema kadi ipi itatangulia.

Baada ya kerneli ya 2.6 kutoka Desemba 2003, kazi ya kukumbuka majina ilipewa udev, programu iliyoanzishwa na Greg Kroah-Hartman. Iliandika kwenye faili anwani ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kila kadi, pamoja na jina lake. Kasoro kubwa ilikuwa hii: udev iligawa majina yale yale ambayo kerneli nayo iliendelea kuyagawa. Udev ilipotaka kuiita kadi eth0, ilikuta kerneli imeshaipa nyingine jina hilo. Vifaa viwili haviwezi kuwa na jina moja, basi ombi likakataliwa, na kadi ikabaki na jina la muda kama rename2, lisilotajwa na kanuni yoyote. Hata aliyebadilisha kadi iliyoungua alikuta mpya inaitwa eth1, kwa sababu eth0 ilikuwa bado imewekewa ile iliyotupwa. Fundi wa Kenya aliyeanza kazi mwaka 2009, nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na Seacom, zilipofika Mombasa, aliikuta Linux katika hali hiyo.

Dell walijaribu dawa yao, biosdevname, iliyoingia Fedora 15 mwaka 2011. Iliyoenea zaidi ni ya systemd, programu inayosimamia huduma za Linux mashine inapowaka, toleo la 197, Januari 2013: kadi iitwe kwa mahali ilipochomekwa. Hati za mashamba ya pande za Ngong huanza kwa eneo, Ngong/Ngong, ndipo ije namba. Jina kama enp3s0 nalo husomeka hivyo: Ethernet, njia namba 3, nafasi namba 0. Ubuntu iliufuata mtindo huo mwaka 2015, Debian mwaka 2017.

Wengi walilalamika kwamba majina hayo ni magumu kukumbuka, na kweli ni magumu. Tena ukiongeza kadi nyingine, namba ya njia inaweza kusogea. Hata hivyo, jina gumu lisilohama mashine inapowaka ni bora mara nyingi kuliko jepesi linalohama.

Ndiyo maana inaniuma kuona mafundi wakinakili kigezo cha kerneli net.ifnames=0 ili eth0 irudi. Kwenye mashine ya kadi moja, haidhuru. Kwenye mashine ya kadi mbili inayolinda nyumba za watu, kiondoe leo, kisha uziandike upya kanuni zako kwa majina mapya.