Uzalishaji wa hidrojeni kutoka methani kwa vichocheo

Uzalishaji wa hidrojeni kutoka methani ni utenganishaji wa atomi 4 za hidrojeni na atomi moja ya kaboni iliyozishikilia. Methani ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Vifungo vya molekuli yake ni imara mno. Bila kichocheo, huhitaji joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi ili vivunjike kwa kasi ya kufaa kiwandani.

Njia iliyoenea zaidi ni kuichanganya methani na mvuke wa maji. Mchanganyiko hupitishwa katika mirija mirefu iliyosimamishwa ndani ya tanuri na kujazwa punje za alumina zenye nikeli, na hutoka ukiwa na joto la nyuzi 800 hadi 900. Kila molekuli ya methani na moja ya maji hutoa molekuli moja ya monoksidi ya kaboni na 3 za hidrojeni. Mmenyuko huu hufyonza kilojuli 206 kwa kila moli, ndiyo maana sehemu ya gesi huchomwa nje ya mirija muda wote.

Nikeli ni ya bei nafuu na hufanya kazi vizuri, lakini ni dhaifu mbele ya maadui wawili, na mpangilio wa kiwanda kizima hulenga kuilinda. Adui wa kwanza ni salfa. Hata ikiwa kidogo sana, hung'ang'ania uso wa nikeli na kuziba mahali ambapo methani ingeshika. Kwa hiyo gesi husafishwa kwanza: kichocheo cha kobalti na molibdeni hugeuza salfa kuwa sulfidi ya hidrojeni, kisha oksidi ya zinki huinasa. Adui wa pili ni kaboni, ambayo huota kama nyuzi nyembamba chini ya chembe za nikeli, huzing'oa, na mwishowe huvunja punje na kuziba mirija. Dawa yake ni mvuke mwingi, takriban molekuli 3 kwa kila atomi ya kaboni, pamoja na potasiamu kidogo ndani ya kichocheo. Rodi na rutheni hustahimili kaboni vizuri zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Monoksidi ya kaboni iliyobaki hukutanishwa tena na mvuke, kwanza juu ya oksidi za chuma na kromi, kisha juu ya shaba kwenye nyuzi 200 hivi, na hidrojeni huongezeka. Njia hii ilianza kutumika kibiashara mjini Baton Rouge, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Leo hidrojeni yake hulisha hasa viwanda vya amonia, ambayo ni chimbuko la mbolea, na visafishio vya mafuta.

Gharama yake kwa hali ya hewa ni nzito. Mimenyuko yenyewe hutoa kilo 5.5 za hewa ukaa kwa kila kilo ya hidrojeni. Moto wa tanuri ukijumlishwa, hufika kilo 9 hadi 10.

Methani inaweza pia kupasuliwa bila maji, ikatoa hidrojeni na kaboni ngumu, kilo 3 za kaboni kwa kila kilo ya hidrojeni. Nikeli huanza kazi hiyo kwenye nyuzi 500 hivi, lakini kaboni huifunika upesi. Mwaka 2017 watafiti wa California walionyesha njia ya kukwepa tatizo hilo: methani ilipopenyezwa ndani ya nikeli na bismuthi zilizoyeyushwa, kwenye nyuzi 1,065, asilimia 95 yake ilipasuka, na kaboni ikaelea juu ambako inaweza kukombwa.