Mstari Ulioshuka: Grafu na Hesabu ya Wakimbizi

Katika makala haya ningependa tuitazame grafu kama tunavyoitazama sentensi, yaani kitu kinachosema jambo, na ambacho huweza kusema uongo bila mchoraji kukusudia.

Mwaka 1786, Mskoti William Playfair alichapisha mjini London kitabu cha grafu za biashara ya Uingereza, aghalabu za mistari, mwaka baada ya mwaka. Alipofika Uskoti alikwama, kwani takwimu alizokuwa nazo zilihusu mwaka mmoja tu, 1781. Hakubuni mstari. Alichora nguzo mbilimbili kwa kila nchi: moja ya bidhaa zilizoingia, nyingine ya zilizotoka. Hivyo ndivyo tulivyoipata grafu ya nguzo, ingawa mwenyewe aliiona kuwa duni.

Turudi nyumbani. Makazi ya Nakivale, kusini mashariki mwa Mbarara, katika eneo ambalo tangu 2005 ni wilaya ya Isingiro, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili kikapata soko huko, tena bila msaada wa idara yoyote.

Mwanzoni mwa 2018 zilizuka tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi Uganda ilikuwa imeongezwa. Kuanzia Machi hadi Oktoba, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR waliwahakiki wakimbizi nchini kote kwa alama za vidole na macho. Kabla ya hapo takwimu zilionyesha zaidi ya milioni 1.4; baada yake, takriban milioni 1.1.

Mwanafunzi wetu mmoja alizichora takwimu hizo kwa mstari mmoja. Kazi ilikuwa safi: mhimili ulianzia sufuri, rangi zilipendeza, nami nilikwisha kuisifu kabla ya kusoma maelezo yake, kwamba wakimbizi laki tatu walirejea makwao mwaka huo. Msichana aliyekulia Nakivale akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu ameturudisha kwetu, na sisi bado tupo hapa."

Alisema kweli. Mwaka huohuo maelfu ya Wakongo walikuwa wakivuka Ziwa Albert kuingia Uganda. Kilichoshuka ni hesabu, kwa kuwa namna ya kuhesabu ilibadilika. Jambo hili si dogo, maana chakula hupangwa kwa vichwa, na mfadhili akiona watu wameondoka hupunguza mkono.

Tuliichora upya ubaoni. Mstari tuliukata mwaka 2018, tukauanza mwingine, na katikati, si chini kwa herufi ndogo, tukaandika "uhakiki". Likabaki suala la jina la mwanya ule. Wengi walitaka "mkato", ila mmoja akakumbusha kwamba huo ni wa uakifishi. Tukakubaliana tuuite pengo.