Programu ya Kuandikia Skripti

Maji ni ya kunywa, kikombe ni cha kunywea. Nyama ni ya kukata, kisu ni cha kukatia. Irabu moja ya kauli ya kutendea ndiyo inayotenganisha chombo na kile kinachotendwa, na kwa sababu hiyo jina la Kiswahili la programu wanayotumia waandishi wa filamu linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko linavyoangaliwa. Wengi husema “programu ya kuandika skripti”. Makala hii inatetea “programu ya kuandikia skripti”.

Mtu anaweza kupinga, na ana hoja. Kiswahili hakishiki kanuni hiyo kwa ukali: chumba cha kulala hakilali, na hakuna aliyewahi kudhani kinalala. Muktadha humaliza utata. Lakini muktadha wenyewe umebadilika. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, zipo programu ambazo kweli huandika: ukizipa sentensi mbili zinakurudishia maonyesho kumi, pamoja na vichekesho visivyochekesha. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba 2023, na miongoni mwa mambo waliyoyapata katika mkataba uliomaliza mgomo ni kwamba akili unde haihesabiwi kuwa mwandishi. Huko ilibidi mawakili wakae mezani kulieleza hilo. Kwa Kiswahili sehemu ya kazi hiyo inafanywa na irabu: ya kuandika ni ile inayoshika kalamu yenyewe, ya kuandikia ni ile inayokuachia kalamu wewe.

Limebaki neno la pili, skripti.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya Kenya, Sura ya 222, inamtaka anayeomba kibali cha kupiga filamu aambatishe maelezo kamili ya maonyesho na maneno yote yatakayosemwa. Ni vigumu kupata fasili bora kuliko hiyo: yanayoonekana na yanayosemwa, basi. Mawazo ya mhusika hayamo, wala kumbukumbu zake, labda zipate sura au sauti. Riwaya ya Vuta N’kuvute ya Adam Shafi ilichapwa mwaka 1999. Filamu ya Amil Shivji ya jina hilohilo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Kati ya kitabu na filamu kuna rundo la karatasi ambazo mtazamaji hazioni kamwe. Ndizo skripti.

Kwa nini zisiitwe muswada? Neno hilo lipo, ni la heshima, na wahariri wa vitabu wanalitumia kila siku. Tatizo ni kwamba Mtanzania akisikia muswada, jambo la kwanza linalomjia ni Bunge la Dodoma. “Mwongozo wa filamu” nalo hujaribiwa, ila mwongozo ni pia kile kijitabu cha mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa fasihi. Wanaoshuti filamu Sinza na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, walishaamua zamani: wana skripti, wana sini, wana lokesheni. Msanifu wa istilahi anayekuja nyuma yao na neno jipya atakuwa anaongea peke yake, kama yalivyoikuta tarakilishi, ambayo bado inasomwa katika vitabu vya shule vya Kenya huku mitaani pote watu wakinunua kompyuta.

Kuna kikwazo kimoja tu. Waprogramu nao wana skripti zao, yaani faili fupi za maagizo kwa kompyuta. Anayeunda programu ya aina hii anajikuta anaandika skripti ili wengine waandike skripti. Hapa ushauri ni mwepesi: kazi ya mprogramu iitwe msimbo, neno ambalo tayari limezoeleka, na skripti waachiwe watu wa filamu.

Sasa, programu yenyewe inafanya nini ambacho Word haifanyi? Kwa macho ya mgeni, ukurasa wa skripti unaonekana kama uliochapwa kwa taipureta mbovu. Herufi ni Courier za pointi 12, kila moja ikiwa na upana uleule, kumi kwa inchi moja, mistari sita kwa inchi. Majina ya wahusika yamesogezwa kuelekea katikati, na mazungumzo yamebanwa katika safu nyembamba ya herufi kama 35. Sababu yake ni ya kikazi: ukurasa mmoja uliopangwa hivyo hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Dairekta akishika kurasa 90 anajua ameshika saa moja na nusu. Hayo yote yanaweza kufanywa kwa Word na subira. Kisichowezekana kwa Word ni kujua kwamba mstari huu ni kichwa cha onyesho, ule ni jina la mhusika, na unaofuata ni usemi wake. Programu ya kuandikia skripti huitambua mistari kwa aina zake. Mpangilio wa ukurasa ni matokeo tu. Ikishaitambua, inaweza kuhesabu maonyesho yote ya usiku, au kutoa orodha ya maonyesho ambayo mhusika fulani yumo.

Kampuni zimefanya biashara ya jambo hili tangu miaka ya 1980, Final Draft ikiwa ndiyo mashuhuri zaidi. Ila historia tamu ni ya watu wachache waliofanya kwa kupenda. Osku Salerma wa Finland aliandika Trelby, ambayo mwanzoni iliitwa Blyte na ilikuwa ya kuuzwa, kisha akaifanya huria. Mfini mwingine, Lauri-Matti Parppei, ambaye ni mtengenezaji filamu, aliunda Beat kwa ajili ya kompyuta za Mac na anaitoa bure. Inapendeza kwamba wote wawili ni wasemaji wa lugha inayopachika viambishi kwenye mzizi mpaka neno linajaza nusu mstari, hali ambayo Mswahili hahitaji kuelezwa.

Kilichowafungulia njia watu wa aina ya Parppei ni Fountain, iliyotangazwa mwaka 2012 na John August, Stu Maschwitz na Nima Yousefi. Fountain si programu. Ni kanuni chache za kuandika skripti kwa maandishi matupu, yanayofunguka katika simu yoyote. Mstari unaoanza kwa INT au EXT, yaani ndani au nje, na kufuatwa na mstari mtupu, ni kichwa cha onyesho. Mstari wa herufi kubwa tupu wenye maneno chini yake ni jina la mhusika. Msimbo wa kutambua kanuni hizo unaandikika na mtu mmoja jioni baada ya kazi, na faili la skripti ya kurasa mia halifiki hata robo ya megabaiti. Kwa mji kama Mpanda, magharibi mwa Tanzania, uliowashwa kwa miaka mingi na jenereta za dizeli, programu inayohifadhi faili dogo kila sekunde chache, kabla umeme haujakatika, si anasa.

Tuseme basi yupo mtu Mwamkulu, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, anayeshinda kwenye kazi nyingine na usiku anaunda programu yake. Anataka waandishi wa hapo waandike hadithi za hapo, za mabonde ya mpunga na mabehewa ya reli ya Kaliua, bila kutumia neno la Kiingereza hata moja. Jaribio lake la kwanza linaweza kuwa hivi:

NJE. MASHAMBA YA MPUNGA, MWAMKULU – ALFAJIRI

Ukungu. MAMA SHIDA anainama kwenye mfereji, anazibua tope kwa jembe.

MAMA SHIDA
(kwa sauti ya chini)
Zamu yetu iliisha jana. Zibua upesi kabla hawajaamka.

Fountain ya kawaida itamtambua Mama Shida bila taabu, maana Kiswahili kina herufi kubwa na ndogo kama Kiingereza. Kichwa cha onyesho haitakitambua. Itakiona kuwa maelezo tu, kwa kuwa hakianzi kwa EXT. Mwandishi anaweza kulazimisha kwa kuweka nukta mbele ya NJE, njia halali kabisa katika Fountain, lakini kulazimisha kila onyesho ni kuchoka. Kwa hiyo mprogramu anaongeza NDANI na NJE katika orodha ya maneno yanayotambuliwa. Kazi ya dakika mbili.

Hapo ndipo anapotegwa. Kanuni ya Fountain haijali herufi kubwa au ndogo, na baada ya neno inakubali nukta au nafasi. Kwa Kiingereza hilo halina hatari, kwa sababu hakuna sentensi ya kawaida inayoanza kwa “int” au “ext”. Ni vifupisho visivyo na maisha nje ya skripti. NDANI na NJE ni maneno hai. Mwandishi ataandika, katika aya ya mstari mmoja, “Nje mvua inaanza kunyesha,” na programu itamfungulia onyesho jipya mahali paitwapo Mvua Inaanza Kunyesha, ilipe namba, na kuliweka kwenye ratiba ya kushuti. Dawa yake ni kuikaza kanuni: kwa Kiswahili, herufi ziwe kubwa zote na nukta iwe ya lazima. Hili haliwezi kugunduliwa na mtafsiri anayepewa orodha ya maneno na kuambiwa ajaze upande wa pili. Linagunduliwa na anayeandika skripti na msimbo kwa mkono uleule.

Nusu ya pili ya kichwa cha onyesho, ile inayotaja wakati, ina neema. Skripti za Kiingereza huridhika mara nyingi na mchana na usiku. Kiswahili kina alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, magharibi na usiku, na mpiga picha anayetegemea mwanga wa jua anazihitaji tofauti hizo. Programu ikusanye zote, kisha kwenye ratiba izipange katika makundi mawili kwa ajili ya mhasibu.

Tatizo linalofuata ni la ngeli. Usemi wa mhusika ukikatizwa na tendo kisha ukaendelea, programu za Kiingereza huongeza alama moja baada ya jina, ileile kwa kila mtu, kuonyesha kwamba bado anasema. Ukiitafsiri kwa ANAENDELEA, Mama Shida yuko salama. Wanakijiji wakisema kwa pamoja wanahitaji WANAENDELEA. Redio inahitaji INAENDELEA, na kipaza sauti cha gari la matangazo KINAENDELEA. Mprogramu ana njia mbili: aifundishe programu yake ngeli, mradi utakaomfikisha uzeeni, au atafute nomino isiyodai upatanisho. MWENDELEZO inatosha. Mama Shida (MWENDELEZO), Redio (MWENDELEZO). Si neno la kusisimua, lakini halimgombanishi mtu na sarufi.

Hata sauti ya mtu asiyeonekana kwenye picha inaleta fujo, maana tafsiri ya haraka ni “nje ya picha” na NJE tayari ina kazi. ASIYEONEKANA nayo inarudisha ngeli mlangoni. Labda SAUTI peke yake ichukue nafasi, na msimulizi aitwe MSIMULIZI.

Karatasi nayo inataka uamuzi. Programu nyingi huanza na ukubwa wa karatasi ya Marekani, yenye urefu wa milimita 279. Steshenari za Mpanda zinauza A4, ya milimita 297. Tofauti hiyo ni karibu mistari minne kwa kila ukurasa, na katika skripti ya kurasa 90 inafika mistari zaidi ya mia tatu, yaani dakika sita au saba za filamu zinazopotea kwenye hesabu bila mtu kujua zilikokwenda. Suluhisho ni kuongeza pambizo ya chini ili A4 ibebe mistari ileile.

Kazi ya kuipa kompyuta Kiswahili haikuanza na mtu mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa na kikosi cha wanaisimu na wataalamu wa kompyuta. Kilinux ilihusu menyu na vitufe, vitu vinavyoizunguka kazi ya mwandishi. Huyu wa Mwamkulu anagusa maneno yaliyomo ndani ya kazi yenyewe, na akiyakosea, programu inausoma ukurasa vibaya. BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania), iliyoundwa mwaka 1967 na yenye dhamana ya kusanifu istilahi, inaweza baadaye kuamua kati ya onyesho na sini. Mprogramu wa Mwamkulu hawezi kusubiri, wala hana haja ya kusubiri. Anayaweka maneno yote katika faili moja la maandishi ambalo mtumiaji analifungua na kulibadilisha: anayetaka SINI aandike SINI, aliyezoea istilahi za Kenya aweke zake.

Na kazi ikitakiwa kwenda kwa dairekta wa Nairobi anayetumia Final Draft, hakuna kinachobomoka. Faili za programu hiyo huhifadhi kila aya pamoja na lebo ya aina yake, kando ya maneno yenyewe. Mstari wa mashamba ya mpunga utafunguka Nairobi ukiwa na lebo ya Kiingereza isemayo kwamba ni kichwa cha onyesho, na ndani ya lebo hiyo utasomeka NJE, na MWAMKULU, na ALFAJIRI, kama ulivyoandikwa.