Kaburi la Alice wa Ewelme



Tunapowakumbuka marehemu wetu, nawaalika twende kwa mawazo hadi Ewelme, kijiji kidogo kilicho karibu na mji wa Oxford, Uingereza. Katika kanisa la Bikira Maria la kijiji hicho amezikwa mama mmoja aitwaye Alice, aliyefariki mwaka 1475. Kaburi lake lina fundisho kwetu sisi tulio hai.

Alice hakuzaliwa katika jamaa ya kifalme. Babu yake alikuwa Geoffrey Chaucer, mshairi mashuhuri wa Waingereza, mwana wa mfanyabiashara wa divai wa London. Baba yake, Thomas, alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge mara tano. Hivyo ukoo ulipanda ngazi kidogo kidogo, kwa utumishi na kwa ndoa. Thomas na mkewe Matilda wamelala papo hapo Ewelme, na kaburi lao limezungukwa na ngao zenye alama za koo kubwa walizohusiana nazo.

Binti yao aliujua ujane mapema. Mume wake wa kwanza, John Phelip, alifariki vitani Ufaransa mwaka 1415, Alice akiwa mtoto wa miaka kama 11 tu. Wa pili, Thomas Montagu, mkuu wa Salisbury, alipigwa na kombora la mzinga alipouzingira mji wa Orléans, akafa mwaka 1428. Wa tatu, William de la Pole, alipewa cheo cha Duki wa Suffolk, kikubwa kupita vyote nje ya jamaa ya mfalme. Lakini watu walimchukia kwa sababu ya nchi zilizopotea Ufaransa. Mwaka 1450 alipokuwa akienda uhamishoni, alikamatwa baharini akakatwa kichwa. Kabla ya kuondoka alimwandikia mwanawe mdogo barua, akimwusia amche Mungu na kumtii mama yake.

Tusidhani, ndugu zangu, kwamba Alice alikuwa mtakatifu asiye na doa. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, aliyeshindana vikali na jirani zake juu ya mashamba. Mwaka 1465 watu wa mwanawe waliibomoa nyumba ya jamaa ya Paston huko Hellesdon kwa sababu ya ugomvi wa namna hiyo. Aliyejenga kanisa na aliyegombania ardhi ni mtu yule yule. Je, nasi hatumo katika hali hiyo?

Sasa tulitazame kaburi lenyewe. Juu yake amelala Alice aliyechongwa kwa jiwe la alabasta, amevaa taji, mikono imeunganishwa kwa sala, na mkono wa kushoto umefungwa utepe wa nishani ya Garter, heshima ambayo wanawake wachache walipewa. Malaika wamesimama pembeni wakishika ngao za ukoo. Lakini chini, nyuma ya matundu yaliyochongwa katika jiwe, yumo Alice mwingine: maiti iliyokonda, mifupa imetokeza, sanda imeachia. Huyo hana taji wala nishani.

Na juu ya maiti hiyo, upande wa chini wa jiwe, zimechorwa picha: Malaika akimpasha Bikira Maria habari, Yohane Mbatizaji, na Maria Magdalena. Mtu aliyesimama kanisani hazioni. Hana budi kulala sakafuni. Zimewekwa mbele ya macho ya maiti. Utukufu wa ukoo uliwekwa wazi kwa wapita njia, lakini tumaini liliwekwa mahali pa uozo: habari ya Mwana atakayezaliwa, na yule mwanamke aliyemwona Bwana Mfufuka.

Ukoo ukawaje? Mwana wa Alice alimwoa Elizabeth, dada wa wafalme wawili, na wajukuu wakakikaribia kiti cha enzi. Kukikaribia kukawaangamiza. John aliuawa vitani Stoke mwaka 1487. Edmund alikatwa kichwa mwaka 1513. Richard aliuawa vitani Pavia mwaka 1525, miaka 50 baada ya bibi yake. William alifia kifungoni katika Mnara wa London mwaka 1539.

Lakini mwaka 1437 Alice na William walikuwa wamepata kibali cha Mfalme Henry wa Sita, wakaanzisha kando ya kanisa nyumba ya maskini 13 na mapadre wawili, mmoja wao afundishe watoto. Maskini hao walitakiwa kusali kila siku kwa ajili ya roho za wafadhili wao. Ngao za ukoo hazina tena mwenye kuzirithi. Nyumba ile ingali inakaliwa, na shule ingali inafundisha watoto wa kijiji.

Wapendwa, sisi nasi twajenga makaburi ya saruji na kuandika majina kwa herufi kubwa. Si vibaya kuwaheshimu wafu. Lakini kila mmoja ajiulize jioni hii: nikiondoka, ni nani asiye wa ukoo wangu atakayepata kwangu mahali pa kulala, au herufi za kusoma?

Mungu awajalie marehemu wetu pumziko la milele. Amina.