Leonard Mambo Mbotela

Leonard Mambo Mbotela (29 Mei 1940 – 7 Februari 2025) alikuwa mwanahabari na mtangazaji wa redio kutoka nchini Kenya. Anakumbukwa kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kwa kutangaza mpira wa miguu kwa Kiswahili, na kwa kulazimishwa na askari waasi kusoma tangazo la mapinduzi tarehe 1 Agosti 1982.

Asili yake

Mbotela alizaliwa Mombasa katika familia ya Frere Town. Mtaa huo ulianzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na kengele yake ndiyo iliyopatia jina eneo la Kengeleni. Baba yake, James Mbotela, aliandika Uhuru wa Watumwa (1934), kitabu ambacho wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wa zamani walikisoma darasani, pengine bila kujua kwamba sauti waliyoisikia redioni ilikuwa ya mtoto wa mwandishi huyo.

Utangazaji

Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, mwaka uleule redio hiyo ilipowekwa chini ya serikali. (Tangu 1989 inaitwa tena Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC.) Alisoma habari na kutangaza michezo. Maneno "Kadenge na mpira", yaliyomhusu mshambuliaji Joe Kadenge, yalienea hadi kwa watoto waliocheza mpira wa makaratasi mitaani.

Mwaka 1966 alianzisha Je, Huu ni Ungwana? (wengine huandika "Uungwana", na kisarufi wana haki). Humo alieleza kisa cha mtu mwenye tabia isiyopendeza, kisha akamwachia msikilizaji swali hilo ajijibu mwenyewe. Hakukemea, na huenda ndiyo sababu kipindi kilidumu kwa zaidi ya miaka 50.

Tarehe 1 Agosti 1982

Alfajiri ya Jumapili hiyo baadhi ya askari wa Jeshi la Anga la Kenya waliasi dhidi ya serikali ya Rais Daniel arap Moi. Walimchukua Mbotela nyumbani kwake Nairobi, wakampeleka studio. Huko, mbele ya Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini aliyeongoza uasi, aliamriwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa na wananchi wabaki majumbani. Alisoma. Mtu aliyezungukwa na bunduki hakuwa na la kuchagua.

Tukio hilo linaeleweka vizuri zaidi likilinganishwa na mengine ya eneo hili. Katika Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, John Okello alihutubia redioni yeye mwenyewe. Nchini Uganda, Januari 1971, tangazo la kumwondoa Milton Obote lilisomwa na mwanajeshi, Sam Wilfred Aswa. Waasi wa Nairobi walikuwa na studio tayari, lakini bado walimfuata mtangazaji kitandani. Redio ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuwafikia wananchi wote kwa mara moja, na sauti ngeni ingetiliwa shaka. Sauti iliyozoeleka kwa habari na mpira ingeaminiwa. Imani aliyojijengea kwa miaka 18 ndiyo iliyomweka hatarini.

Kabla ya siku hiyo kwisha, wanajeshi watiifu wakiongozwa na Mahmoud Mohamed waliikomboa studio. Mbotela aliketi tena mbele ya kipaza sauti kilekile, safari hii akatangaza kwamba serikali ya Nyayo imerudi madarakani. Ochuka alikimbilia Tanzania, baadaye akarudishwa Kenya, akahukumiwa na kunyongwa mwaka 1987. Mbotela aliendelea na kazi, na mara nyingi aliombwa kusimulia habari za siku hiyo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na mengi mengine ya kusimulia.

Miaka ya baadaye

Kwa kipindi fulani alihudumu katika kitengo cha habari cha Rais wakati wa utawala wa Moi, kisha akarudi KBC. Kipindi chake aliendelea nacho hata uzeeni. Alifariki Nairobi akiwa na umri wa miaka 84.