Kicheko cha jirani na Zaburi ya 35

Hebu nianze na nyanya yangu wa Homa Bay. Mahindi yake yalipokauka, jirani alipita akacheka. Nyanya hakumjibu. Usiku alisoma Zaburi ya 35 kwa Dholuo.

Zaburi hiyo ina kisa kichungu. Mwombaji anasema maadui zake walipougua alifunga kula na kuwaombea. Yeye alipojikwaa, walikusanyika kushangilia. Kwa hiyo hasira yake si chuki tupu, ni uchungu wa wema uliolipwa kwa ubaya.

Aya hizo zilimfikiaje? Mwaka 1906 Waadventista, wakiongozwa na Arthur Carscallen, walifungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay. Baadaye walifika Kamagambo, ambayo leo iko Migori. Kusoma na kuamini vikaenda pamoja. Lakini Biblia nzima ya Dholuo ilitoka 1953, mwaka mmoja tu baada ya ile ya Kiswahili iitwayo Union.

Hapo lugha zetu zinakutana. Kwa Dholuo, nyiero ni kucheka, na pia kumcheka mtu. Nasi tunasema dhihaka, neno lililotokana na Kiarabu, ambako mzizi wake ni kucheka. Kumbe kinachochoma si tusi, ni meno!

Wapo wanaoziona sala hizi kuwa aibu kwa muumini. Mimi sioni hivyo. Aliyemkabidhi Mungu hasira yake hana haja ya kushika panga. Jirani yule alipofiwa, nyanya alikwenda kumpikia. Wahenga walisema: cheka uchafu, usicheke kilema.