Uamuzi wa maafikiano

Uamuzi wa maafikiano ni njia ya kuamua ambapo kikundi hujadili jambo, bila kupiga kura, mpaka asibaki mshiriki anayelipinga rasmi. Hautakiwi uungwe mkono na kila mtu. Anayekaa kimya huhesabiwa amekubali. Shirika la Biashara Duniani, lililoanza 1995, limeuweka utaratibu huu katika mkataba wake: jambo hupita ikiwa hakuna mwanachama aliyepo kikaoni anayelipinga rasmi. Hivyo nchi ndogo haipuuzwi, lakini mmoja aweza kuwazuia wote, na huo ni udhaifu mkubwa. Marekani ilipokataa uteuzi wa wajumbe wapya, chombo cha rufaa cha shirika hilo kilikosa akidi ya kusikiliza rufaa mpya kuanzia Desemba 2019. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu sheria ya bahari, ulioanza 1973, ulitafuta maafikiano kwa miaka mingi. Hata hivyo mkataba ulipitishwa kwa kura tarehe 30 Aprili 1982, nchi 130 zikikubali, 4 zikikataa na 17 zikijizuia. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 unaagiza wakuu wa nchi waamue kwa maafikiano.